Mto Alioutaka Mama

Mto wa Lulu, huku Guangzhou, ukipwa unanuka. Wanaokuja kuupiga picha hawakwambii hilo, maana wao wanauona umeshawashiwa mataa na umejaa mpaka kwenye ukuta. Mimi nausema mto wa asubuhi, maji yakiwa yameondoka na kuacha tope jeusi, na jua limeanza kulipika lile tope. Ni harufu ya chuma na majani yaliyooza, na katikati yake kuna utamu fulani ambao mpaka leo sijui unatoka wapi. Juzi nilitoka stesheni ya Pazhou, begani mkoba umejaa katalogi, nimechelewa maonyesho, mteja wa Dar ananipigia simu kila baada ya pumzi mbili, harufu ile ikanijia nikasimama katikati ya watu. Nikacheka peke yangu, kwa sauti. Mlinzi mmoja akaniangalia kwa wasiwasi. Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba nimemkumbuka mama yangu kiangazi kile alipoutaka mto huu mzima mzima.

Tulikaa upande wa Haizhu, ghorofa ya juu kabisa kwenye nyumba kuukuu isiyo na lifti, na kutoka dirisha la jikoni tuliuona mto kipande. Duka la wazazi lilikuwa Xiaobei, mtaa wa Dengfeng. Baba alikuwa mtu wa kago: anakusanya bidhaa za wafanyabiashara wa Dar na Unguja, anazishindilia ndani ya kontena moja, kontena linakwenda bandari ya Nansha kupanda meli. Kwa hiyo dunia niliijua kwa njia ya mizigo. Mara ya kwanza nilipowaona wazee wa Kichina wakiogelea mtoni, kila mmoja kajifunga kiunoni kamba yenye mfuko wa rangi ya chungwa uliojaa upepo, mfuko unamfuata nyuma, sikudhani hata kidogo kwamba wanajifurahisha. Nilijua ni wachukuzi. Nilikwenda mbio kumpa baba habari kwamba kuna watu wanavusha mizigo kwa kuivuta, hawana kontena wala forodha, na yeye anahangaika na meli bure. Baba alicheka mpaka akapaliwa, na kisa kile akakitangaza kwa kila aliyeingia dukani. Kumbe ndani ya mifuko mna nguo zao na funguo za nyumba, na mfuko wenyewe ni wa kuukumbatia ukichoka.

Kwetu watoto wa lile jengo, ukingo wa mto ndio uliokuwa uwanja. Baridi ikiisha misufi ilitoa maua mekundu kabla ya majani, maua mazito yanayoanguka puu juu ya lami, na wazee wakayaokota kwenda kuyakausha kwa chai. Mama hakuamini macho yake. Kwao msufi ni wa magodoro, nani amewahi kunywa msufi? Kulikuwa na mikuyu iliyoteremsha mizizi kama ndevu, tukaning'inia humo mpaka mgambo aje na filimbi yake. Maji yakipwa yangeyange walisimama kwenye tope, mguu mmoja juu, wakiwavizia kaa wadogo, na wavuvi wa fimbo ndefu wakakaa kwenye vigoda vyao kutwa kwa ajili ya perege wa kiganja kimoja. Matishari ya mchanga yalipita yameelemewa hata maji yanalamba sitaha. Na mara mbili kwa siku, mama alisema, mto huu unageuka na kurudi ulikotoka. "Hii bahari bwana, imejificha tu mjini," alisema, uso umemkunjuka. Mimi nilidhani ananitania. Shuleni kwa watoto wadogo tuliambiwa mito yote inakwenda baharini, na bahari mimi nilikuwa nimeiona, iko Nansha.

Mama alizaliwa kusini ya Unguja, nyumba ya tatu kutoka majini. Kaka zake waliogelea tangu hawajaota meno ya pili. Yeye na dada zake waliteremka pwani na ndoo kuokota chaza, maji ya magotini mwisho, na walipokuwa wasichana hata hayo ya magotini yakapigwa marufuku. Akaolewa, akapanda ndege, akaja mpaka China, mwanamke wa kisiwani asiyeweza kuelea. Alilisimulia hilo kwa kicheko. Lakini nilimwona anavyosimama dirishani na sufuria mkononi, wali unaungua nyuma yake, macho yako kwenye ile mifuko ya rangi ya chungwa.

Chini yetu alikaa Apo. Apo ni bibi kwa Kikantoni, na sote tulimwita hivyo, hata mama. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa karibu na masikio, sauti ya kuuzia samaki. Siku moja alimkuta mama kwenye ngazi amesimama ameshika mgongo, maana kusimama dukani kulikuwa kumeanza kumuumiza. Apo akajipiga mgongoni mwake mwenyewe, pa, pa, kuonyesha mgongo ulivyo mzima, akanyoosha kidole mtoni, kisha akamkamata mama mkono kama anayemkamata mwizi. Mama angeweza kukataa. Hakukataa.

Akaanza na suruali na gauni refu, kichwani mtandio aliofunga mafundo mawili. Baadaye alipata vazi la kuogelea la kufunika mwili wote, sampuli ya kiwanda kimoja, na akalivaa kwa maringo kama nguo ya Idi. Apo alimpeleka kwenye ngazi za mawe, mahali maji yametulia, na alichomfundisha kwanza ni kulala juu ya maji na kutazama mbingu. Hilo ndilo lililomshinda mama kuliko yote, kwa kuwa katika maisha yake hakuwahi kulala chali mchana bila kazi mkononi. Alizama, akaibuka, akaita "Yallah!", akakohoa, akashika ukuta. Apo alisema neno moja tu, asubuhi zote: "Man-man." Maana yake taratibu.

Sasa niwaambie lililokuwa linakuja, na nyie mliolelewa huku mnalijua. Mtoto akifika umri wa shule anarudishwa nyumbani kwa bibi yake. Shule za huku zina masharti, madrasa iko mbali, wazazi wanashinda sokoni. Rafiki zangu walikuwa wameshaanza kupungua pale kwenye mikuyu. Unaambiwa unakwenda likizo, unanunuliwa sanduku lenye magurudumu, na mama yako unakuja kumwona tena umeshakuwa mrefu, unamwonea haya kama mgeni. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka. Tiketi zetu, mimi na baba, zilikuwa zimeshakatwa kwa mwisho wa kiangazi. Mama alibishana na baba chumbani, kwa sauti ya chini, wakidhani nimelala, na kila mara baba alishinda kwa hoja zilezile: hatuna ndugu huku, nani atamtazama?

Baba hakuwa mtu mbaya, na hakuwa na mtaji mkubwa. Mtaji wake ulikuwa mdomo. Watu walimpa mali kauli, yaani mzigo mzima kwa neno tu, pasipo karatasi wala dhamana, kwa sababu neno lake akishalitamka mbele ya watu halikuwahi kurudi. Mtu anayeishi kwa kauli inambidi awe mwangalifu na utani. Ijumaa moja alijisahau.

Tulikuwa mkahawani Dengfeng baada ya sala, sinia la pilau katikati. Alikuwepo Wanjala, mteja wa baba kutoka Nairobi, mtu wa mashati ya maua ambaye hakuweza kula bila kumchokoza mtu.

"Shemeji, naskia siku hizi wewe ni samaki," akamwambia mama.

"Samaki gani?" Baba akadakia. "Maji ya kiuno! Kaning'inia ukutani kama paka aliyeanguka kisimani."

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Naogelea, bwana," mama akasema. "Hujaja kuniona tu."

"Mke wangu, siku utakayouvuka ule mto, mtoto haendi Unguja. Atasoma hapahapa. Nasema mbele ya watu."

Wakacheka tena. Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini, akafuta mdomo kwa upole.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mzee, hiyo imeenda," Wanjala akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Hakuna ku-cancel. Sisi wote tumeskia. Hata laobani ameskia."

Laobani, ndivyo tulivyomwita kila tajiri wa Kichina mwenye duka au mkahawa, hakujua neno la Kiswahili, lakini aliposikia anatajwa akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Baba akatabasamu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona tabasamu halikupanda mpaka machoni.

Kuanzia hapo mama hakukosa asubuhi hata moja, isipokuwa mvua ikinyesha, maana baada ya mvua mto ulibeba magugu na kila uchafu wa huko juu. Alijifunza kulala. Alijifunza kupiga mguu. Alitoka kwenye ukuta, akaenda mpaka kwenye nguzo, akarudi, akatoka tena akaipita nguzo. Mikono yake ikakaza. Alikuwa anarudi nyumbani ana njaa, anakula chapati amesimama, anaimba. Sikumbuki mama mwenye furaha kama yule, na ndiyo maana nilipata hofu. Nilijua anafanya yote yale kwa ajili yangu, na mto ulikuwa mpana.

Ikabaki kuchagua siku. Mama alitaka siku ya maji mafu, pale mwezi unapokuwa nusu na maji hayajai sana wala hayapwi sana, mkondo umelegea. Kila mtu wa pwani kwetu analijua hilo, lakini utamwambiaje Apo? Kichina changu kilitosha kununua barafu ya kulamba. Kwenye maji mafu kilishindwa. Basi mama akafanya wanavyofanya watu wa biashara pale Guangzhou wakikosa lugha: akatoa kalkuleta. Tulikuwa jikoni kwa Apo. Akachora mwezi nusu kwenye karatasi, akabonyeza nane, akamwonyesha. Apo akatazama kalenda yake ya ukutani, ile ya kuchana kila siku, yenye tarehe kubwa na chini yake tarehe ndogo ya mwezi wa angani. Akaichukua kalkuleta, akabonyeza tisa. Mama akafuta, akarudisha nane. Apo akafuta, akarudisha tisa, akagonga kalenda kwa ukucha. Walikwenda hivyo mara kadhaa, wamekunja nyuso, mtu angedhani wanapatana bei ya viatu. Ghafla mama akaangua kicheko, akajishika kwenye meza.

"Jamani! Huyu kaandamiwa kabla yetu! Kumbe Apo anafuata mwezi wa Makka!"

Mliokulia Unguja hamhitaji maelezo. Kila Ramadhani nusu ya mtaa inafunga na Makka na nusu inasubiri mwezi wake, na ndugu hawasalimiani vizuri mpaka Idi ipite. Wao wawili walikuwa wanaisema siku ileile moja, hesabu ya Apo imetangulia kidogo. Wakakubaliana kwa vidole. Ila mimi nilitoka pale na siri kubwa: Apo ni Muislamu, tena wa msimamo. Mtu ajuaje mwezi kama hafungi? Kuanzia siku ile nilimwamkia "Asalaam aleikum" kwa adabu zote, naye akaniitikia kwa Kikantoni, nikachukulia kwamba anajificha. Nilipomwona anakatakata mbavu za nguruwe sikumsema kwa yeyote. Nilimwombea tu.

Siku ilipofika baba alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vya Ijumaa. "Mzigo huupokei bila kuukagua," alisema, akijaribu kutania. Mama na Apo wakabaki kwenye ngazi za upande wetu. Mimi na baba tukapanda boti ya kuvusha watu, tukaenda kusimama ng'ambo, kwenye ngazi zinazotazamana na zile. Baba alinishika mkono.

Nikaona mifuko miwili ya rangi ya chungwa ikiteremka majini. Kutoka ng'ambo ilikuwa midogo, na kichwa cha mama kilikuwa doa jeusi mbele ya mmoja. Hofu yangu ilikuwa na jina na anwani: mito yote inakwenda Nansha. Nilikuwa nimeona kule Nansha makontena yanavyonyanyuliwa, na baada ya meli hakuna kitu, maji mpaka mbingu. Mama akichoka, mto utamchukua mpaka kule, na mimi nitapanda ndege na sanduku langu nikiwa sina tena pa kurudi. Nilimwomba Mungu amrudishe. Mbele ya Mungu nikaukataa mto, nikakubali Unguja.

Walifika katikati. Hapo ndipo mifuko ilipoanza kwenda pembeni. Baba akanikaza mkono. Lakini haikwenda upande wa Nansha. Ilikwenda upande wa pili, juu, kinyume na mto wote nilioujua, taratibu, pamoja na majani na vijiti na kila kilichoelea.

"Baba! Mama anausukuma mto!"

Baba alizaliwa Unguja, alijua vizuri sana kwamba ni maji yanajaa, ndiyo yanamalizia. Angeweza kunisahihisha. "Namwona," akasema. "Anausukuma." Tukaanza kukimbia ukingoni kuwafuata.

Likaja tishari. Lilitoka kwenye kona, limebeba mchanga, na halikuwa na haraka ya kumpisha mtu. Apo alipaza sauti, na wote wawili wakasimama pale pale, wakalala chali. Tishari likapita kati yetu na wao. Tukabaki tunaangalia chuma na kutu. Baba alisimama akasema "Ya Latifu, ya Latifu," na sikuwahi kumsikia akimwita Mungu kwa sauti ile. Lilipopita, mawimbi yakapiga ukuta, na nyuma yake mifuko ilikuwa miwili. Mama alikuwa bado amelala juu ya maji, anatazama mbingu, anapanda na kushuka na mawimbi kama mtu aliye kitandani kwake. Kisha akajigeuza, akaja.

"Mguu!" baba akapiga kelele. "Piga mguu, mke wangu! Mguu!"

Wavuvi wakageuka. Mmoja akaacha fimbo yake, akaanza naye kupiga kelele bila kujua tunashangilia nini. Mimi nililia na kuruka kwa wakati mmoja. Mbele kulikuwa na ngazi nyingine zenye ukoga, baba akaziteremka na viatu vyake vya Ijumaa, maji yakampanda mpaka magotini, akanyoosha mkono. Mama alikuwa hatua chache tu, anahema, mtandio umemteleza shingoni.

"Usiniguse!" akasema. "Niache. Utakuja kusema umenivusha wewe."

Baba akarudisha mkono wake kama aliyeungua. Mama akashika jiwe la ngazi, akapanda goti moja, akapanda la pili, akasimama. Alikuwa ameroa chapachapa, na alikuwa mkubwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Apo alitoka nyuma yake, akajikung'uta kama bata, akakaa kuvaa kofia.

Hakuna aliyemuuliza baba. Alitoa simu mwenyewe, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Unguja ndiyo kwanza walikuwa wanatoka kusali alfajiri.

"Shikamoo mama. Mtoto haji."

"Marahaba. Haji kwa nini?" Ilikuwa sauti ya bibi.

"Mkweo kavuka mto."

"Kwa boti?"

"Kwa mikono yake."

"Mashaallah," bibi akasema. "Basi mwache mtoto na mamake."

Nikabaki. Nilisoma pale, nikagombana kwa Kikantoni, nikawa binti wa mama yangu kila siku ya utoto wangu uliobaki. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba mto ule unapandishwa na mwezi, ukiwa na mama au bila mama, na kwamba yeye na Apo waliichagua saa ile makusudi. Heshima yangu haikupungua hata chembe. Nani mwingine aliyeichagua?

Lakini siku ile, pale ngazini, baba alikuwa ameshaanza kututanguliza. "Twendeni kwenye boti, mama kachoka." Mama alikuwa anautazama mto. Majani yalikuwa yamesimama, hayaendi juu wala chini. Kisha jani moja likaanza, likafuatwa na jingine, kushuka kuelekea nyumbani.

"Nyie pandeni boti," akasema.

"Na wewe?"

"Kuja nimekuja kwa ajili ya huyu," akaniwekea mkono wa baridi kichwani. "Kurudi narudi kwa ajili yangu."

Akakaza mtandio mafundo mawili, akamwita Apo, wakateremka.

Tulikimbia mimi na baba, viatu vyake vinatoa maji kila hatua, maana tulikuwa tumekwenda mbali na gati. Boti ilichelewa kuja, ikachelewa kuondoka. Tulipofika upande wetu mama alikuwa ameshakaa kwenye ngazi za mawe, anakula mkate wa Apo, anakamua mtandio.

"Mmekawia wapi nyie?" akatuuliza.